Fedha ya Pamba na Mizani ya Nyumbani: Tafakari juu ya Baba na Uchumi wa Familia



Katika jumuiya ndogo ndogo, watu wakikaa baada ya sala, maneno mawili husikika sana kutoka kwa akina baba: "maisha magumu". Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Kila mtu anakubali kwa kutikisa kichwa, kisha anaondoka na ugumu wake moyoni. Makala hii inajaribu kuendelea pale tunapoishia. Ugumu huo umekaaje? Ni kiasi gani kinatokana na udogo wa kipato, na ni kiasi gani kinatokana na namna fedha inavyoingia na kutoka nyumbani? Siandiki kama baba, kwa kuwa sina familia ya kutunza. Naandika kama mtoto wa familia ya wakulima na mwanafunzi wa falsafa ambaye, Mungu akipenda, siku moja ataketi mbele ya wachumba na wanandoa wanaoomba ushauri. Nitautumia mfano wa Nassa, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kwa sababu mahali hapo panaonesha jambo hili waziwazi.

Kalenda tatu za fedha

Nassa ipo karibu na Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Kabla ya mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Ukiwatazama watu wa huko wanavyopata riziki, utaona kwamba hawafuati kalenda moja ya fedha.

Mvuvi wa dagaa anafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo fedha yake huja kwa wiki kadhaa, kisha hukatika. Mwalimu au muuguzi anafuata mwezi wa mshahara: anajua tarehe na anajua kiasi. Mkulima wa pamba anafuata mwaka mzima. Hupanda kati ya Novemba na Desemba, hupalilia, hupiga dawa, huchuma, na kwa kawaida soko hufunguliwa mwezi Mei. Fedha aliyoisubiri kwa miezi saba au minane hupokelewa ndani ya wiki chache. Baada ya hapo husubiri tena.

Mahitaji ya nyumbani yenyewe hayana msimu. Chumvi huisha Oktoba kama inavyoisha Juni. Mtoto hapangi mwezi wa kuugua malaria. Ada za shule za serikali, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne, zimeondolewa, lakini sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana bado vinamtazama mzazi, na Januari ndiyo mwezi ambao mkulima wa pamba ana shamba lenye miche michanga na mfuko mtupu.

Hapa ndipo lilipo fumbo la kwanza la baba wa Nassa: fedha yake huja mara moja, njaa huja kila siku. Kazi yake kubwa ni kuivusha fedha ya wiki chache mpaka mwisho wa miezi kumi na miwili.

Hesabu ya siku 365

Tufanye hesabu ya mfano, ili tuone kwa namba. Tuseme baba amelima ekari tatu, akapata kilo 900, na bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Amepokea shilingi 900,000. Akiwa amesimama kwenye kituo cha ununuzi na noti hizo mkononi, anajiona tajiri, na hakuna wa kumlaumu. Mwaka mzima hajashika fedha kama hiyo.

Sasa tugawe kwa siku 365. Kila siku inapata takriban shilingi 2,466. Kama nyumbani wako watu saba, kila mmoja ana takriban shilingi 352 kwa siku, na bado hatujatoa dawa ya shamba la msimu ujao.

Turudi kituoni. Ni Juni, majira ambayo ngoma za Bulabo huvuta watu Usukumani, harusi ni nyingi, michango ni mingi, na marafiki wa zamani wamekumbuka njia. Baba akitumia shilingi 200,000 katika wiki ya kwanza kwa mambo ambayo hayakupangwa, anaona ametumia sehemu ndogo tu ya fedha yake, kwa kuwa bado ana laki saba. Kwa hesabu yetu, hata hivyo, ametumia siku 81 za familia. Siku hizo hazionekani Juni. Zitaonekana Januari na Februari.

Naona hesabu hii inaeleza jambo ambalo mahubiri peke yake hayaelezi. Baba huyu hana lazima awe mlevi au mtu mbaya. Macho yake yameona rundo, na rundo halioneshi siku zilizomo ndani yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi mia chache lina uwezo wa kuzigeuza noti kuwa siku, na mtu akianza kuhesabu siku, mkono hupunguza kasi wenyewe.

Uchumi: kuchuma na kutunza

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili kwa Aristotle. Katika kitabu cha kwanza cha *Siasa*, anazungumzia uendeshaji wa nyumba, ambao Wagiriki waliuita *oikonomia*: *oikos* ni nyumba, na *nemein* ni kugawa au kusimamia. Anautofautisha na ufundi wa kutafuta mali. Kutafuta mali kunaweza kuendelea bila kikomo, kwa sababu namba haina mwisho. Nyumba ina kikomo, kwa sababu inataka vitu vya kutosha ili watu waishi vizuri.

Kiswahili chetu kimechukua njia nyingine. Neno "uchumi" linatokana na "kuchuma", kitenzi kilekile tunachokitumia tunapochuma pamba shambani au tunapochuma mali. Neno letu linatazama mwanzo wa safari, yaani mali inapopatikana. Neno la Kigiriki linatazama inapofika nyumbani na kugawanywa. Baba anahitaji yote mawili. Wengi wetu tumelelewa tukimsifu baba anayechuma, na sifa hiyo ni halali. Ila ni mara chache tumesikia baba akisifiwa kwa kugawa vizuri.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, alipoichambua fadhila ya busara, aliitaja busara ya nyumbani kama aina yake yenyewe, tofauti na busara ya mtu binafsi na tofauti na busara ya mtawala. Anafundisha kwamba mali ni chombo cha nyumba, wala si lengo lake la mwisho; lengo ni maisha mema ya familia nzima. Kwa hiyo baba anapokaa jioni na daftari anatekeleza fadhila, kama anavyotekeleza fadhila anaposali. Hatujazoea kulitazama daftari hivyo.

Mizani mbili

Tuje sasa kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha makala hii: haki.

Historia ya pamba Kanda ya Ziwa ni historia ya mizani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye uzito. Malalamiko hayo yalichangia kuzaliwa kwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mashuhuri. Babu zetu walielewa kwamba mtu aliyetoa jasho ana haki ya kuona mizani ikisoma nini. Hadi leo, mkulima wa Nassa akihisi mizani ya kituo imechezewa, hanyamazi.

Sasa tumfuate mkulima huyo mpaka nyumbani. Ile pamba ililimwa na nani? Mama alipalilia, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Watoto walichuma baada ya masomo. Bibi alichambua pamba safi na chafu barazani. Mikono ilikuwa mingi, lakini kwenye kituo jina lililoandikwa ni moja. Siku hizi malipo mengine hupita kwenye simu au akaunti, na namba ya siri anaijua mtu mmoja. Mama anaweza kumaliza msimu bila kujua familia imepata kiasi gani. Akiuliza, huambiwa, "Mama watoto, hayo niachie mimi."

Mtu anayedai mizani ya haki kwa mnunuzi, kisha anaificha mizani hiyo kwa mke wake, amejipinga mwenyewe. Kanuni ni moja: aliyetoa jasho ana haki ya kuona uzito.

Sheria za nchi yetu nazo zinaelekea huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mke wake, na inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, zinahesabika kama mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi huo ulihusu ndoa iliyovunjika. Ingekuwa heri ukweli huo tuukubali ndoa ikiwa bado hai, bila kumngoja hakimu.

Kwa nini baba ananyamaza?

Ni rahisi kumlaumu baba. Ni vizuri zaidi kumwelewa kwanza. Akina baba wengi hawafichi fedha kwa sababu wanataka kuila peke yao. Wanaficha kwa sababu wanaona aibu kwamba ni kidogo. Mwanamume amefundishwa tangu utoto kwamba yeye ni nguzo, na nguzo haisemi imechoka. Akisema hadharani kwamba laki tisa haitafika Desemba, anahisi amejivua heshima. Kwa hiyo anabaki na hesabu kichwani, anaamka saa tisa usiku kuifikiria, na asubuhi anakuwa mkali bila mtu kujua sababu.

Kimya hicho kina gharama. Mke asiyejua kilichopo atapanga kwa kubahatisha. Mtoto asiyejua atadhani ananyimwa kiatu kwa sababu hapendwi. Naye baba, akizidiwa, atakwenda peke yake kukopa mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 100,000 unaorudishwa shilingi 130,000 baada ya mwezi. Zile 30,000 za juu ni siku 12 za familia katika hesabu yetu, zimetoweka. Mkopaji akishindwa, meza, redio na hata sufuria huchukuliwa mbele ya macho ya watoto. Ndipo familia nzima inapofahamu jambo ambalo ilipaswa kufahamu mapema. Mchuma janga hula na wa kwao: janga hilo halikaliwi na baba peke yake, basi na mashauri yake asiyafanye peke yake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, alitenga sehemu nzima kwa ajili ya mazungumzo kati ya wanandoa, akasisitiza kupeana muda na kusikiliza kwa subira. Mara nyingi tunasoma sehemu hiyo tukifikiria maneno ya mapenzi. Nadhani inahusu pia jioni ile baba anapoweka fedha mezani na kusema, "Mama watoto, pamba imelipwa kiasi hiki, deni la dawa ni hili, tufanyeje?" Sentensi hiyo ni fupi, lakini kwa wanaume wengi ni nzito kuliko gunia. Anayeisema hapotezi ubaba wake. Amempata mtu wa kubeba naye.

Kujifunza kwa ngitili

Mtu atauliza: baada ya kuzungumza, wafanye nini? Wasukuma wana jibu la zamani, na halikutoka benki. Ni *ngitili*. Mvua zinapoanza na majani ni mengi kila mahali, mfugaji huzungushia mpaka sehemu ya malisho na kuifunga. Ng'ombe haingii humo, ingawa majani yapo na ng'ombe ana hamu. Kiangazi kinapokausha sehemu nyingine zote, ngitili hufunguliwa. Desturi hiyo ilipodhoofika, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua, na miti na malisho vikarudi kwenye maeneo yaliyokuwa yamegeuka jangwa. Akina mama nao wana ngitili yao: michembe na matobolwa, viazi vitamu vinavyokaushwa wakati wa wingi ili viliwe wakati wa uhaba.

Siri ya ngitili ni kwamba hufungwa wakati wa neema. Anayesubiri kiangazi ndipo afunge, hana cha kufunga. Yosefu mwana wa Yakobo alimshauri Farao vivyo hivyo katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 41: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka ya shibe. Katika fedha ya pamba, ngitili inaweza kuwa na sura hizi.

Ya kwanza ni chakula. Mahindi na mpunga wa familia wa mwaka mzima utengwe kabla ya kuuza hata debe moja. Bei huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kuelekea Januari na Februari. Anayeuza chakula Julai na kukinunua tena Februari amejitoza faini mwenyewe. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia kuzuia wadudu waharibifu.

Ya pili ni shamba lijalo. Fedha ya mbegu, dawa na vibarua itengwe Juni, iwekwe mahali ambapo si rahisi kuichukua, kwa makubaliano ya baba na mama.

Ya tatu ni kikundi. VICOBA na vikundi vya hisa vimesambaa vijijini, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua. Wanachama hununua hisa kila wiki, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli kadhaa na funguo mikononi mwa watu tofauti, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Jambo la kuangalia ni tarehe ya kugawana. Kikundi cha wakulima wa pamba kikigawana Juni, kinaongeza fedha pale ambapo tayari ipo. Kikigawana Desemba, kinaleta maji kiangazi.

Ya nne ni mifugo. Ng'ombe ni akiba halali na ya heshima. Lakini baba akumbuke kwamba ukame unapokuja, bei ya ng'ombe hushuka wakati uleule bei ya mahindi inapopanda. Akiba yote isisimame kwa miguu minne. Mbuzi, kuku na nafaka ghalani viwe pamoja nayo.

Na kwa Mungu? Zaka na sadaka ya mavuno vipangwe pia mwanzoni, kwa moyo wa shukrani na kwa kuelewana nyumbani. Sadaka ambayo mke haijui, huku watoto hawana daftari, inahitaji kutafakariwa upya. Vivyo hivyo michango ya harusi na sherehe: familia ikiamua Mei kwamba mwaka huu michango haitazidi kiasi fulani, baba hatakuwa na haja ya kutafuta visingizio Juni.

Watoto wanaotazama

Watoto wanajifunza fedha kabla hawajaishika. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuelezwa, kwa lugha yake, kwamba mbuzi huyu ni sare za Januari. Kuanzia siku hiyo atamlisha kwa bidii nyingine. Binti akiona mama anaulizwa maoni kuhusu fedha, hatakubali baadaye kuolewa ili anyamazishwe. Kijana akiona baba anaandika matumizi bila aibu, hatajifunza kwamba uanaume ni kununulia watu vinywaji siku ya soko. Hakuna semina inayofundisha hivyo kwa miaka kumi na nane mfululizo. Nyumba inafundisha.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre

Kwa ndugu zangu waseminari nina neno moja. Chumba chetu kina taa, meza yetu ina chakula, na kengele inalia bila sisi kujua bei ya unga. Ni hatari kwetu kuja kuhubiri juu ya familia bila kujua hesabu ya siku 365. Tukienda likizo, tukae na baba zetu. Tuwaulize msimu ulikwendaje, na tusikilize bila haraka. Kwenye mafundisho ya ndoa, wachumba wakishafundishwa maana ya sakramenti, waulizwe pia: mmewahi kuambiana mna madeni gani? Nani atajua namba ya siri? Umoja wa Wanaume Wakatoliki, UWAKA, unaweza kuwa mahali ambapo baba mmoja anamweleza mwenzake jinsi alivyovuka Februari, bila kuchekwa.

Mtakatifu Yosefu hatusomi neno lake hata moja katika Injili. Lakini Injili zinaonesha matendo yake: aliondoka usiku na familia yake kwenda Misri, akamlea Yesu kwa kazi ya mikono. Kimya chake hakikuwaacha Maria na Mtoto gizani. Akina baba wa Nassa, na wa kila mahali, wana nafasi ya kumfuata jioni ya leo hii: kuketi na mama wa nyumba, kufungua daftari, na kusoma mizani pamoja.